Runinga Iliyotangulia Kidole

Fundi saa ninayemsimulia hapa ni jirani, na hasira zake mtaa mzima tunazijua. Alikuwa na chumba kimoja cha kazi chenye dirisha moja la mbele. Nusu ya chumba ilikuwa meza yake ya saa. Nusu ya pili, nyuma ya pazia la plastiki, alimwachia mdogo wake wa kiume, kinyozi. Waliokuja kunyoa waliacha saa zao mezani, na walioleta saa mbovu waliishia kunyolewa bila kupanga. Watu walimwita Dada Fundi na walijifunza mapema kutomwambia afanye haraka, kwa sababu ukimwambia haraka, saa yako inarudishwa ndani ya droo. Ukimwambia asifanye jambo, hilohilo ndilo atakalofanya, tena mbele ya macho yako. Alipokuwa mtoto, mama yao alikuwa akimwambia "usije ukanywa hiyo dawa" siku alizotaka ainywe.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, hakuna mteja, na kinyozi alikuwa analalamika.

"Dada, nakwambia si mimi. Ni tivii."

"Umefungwa matano, halafu unasingizia tivii?"

"Nabonyeza, mchezaji anachelewa. Nikija kupiga, mpira umeshanyang'anywa."

Kinyozi alikuwa na miaka ishirini na sita na alipenda gemu la mpira kuliko chakula. Kila Jumapili mchana alicheza na wenzake wa mtaani, kila Jumapili fundi viatu alimfunga, na wiki nzima iliyofuata fundi viatu alipita mlangoni akiinua vidole vitano bila kusema neno. Dada mtu alikuwa akicheka hadi machozi. Lakini siku hiyo neno "anachelewa" lilimkaa vibaya. Kitu chochote kinachochelewa kilimkera.

Akaichukua simu yake, akaiegemeza kwenye kopo la mafuta ya nywele, akaiweka kwenye mwendo wa polepole, ule wa picha mia mbili na arobaini kwa sekunde moja. Akamwambia mdogo wake aishike pedi ya gemu mbele ya kioo cha tivii, kidole na mchezaji vyote vionekane, kisha apige shuti. Baada ya hapo alikaa na video ile akaisogeza picha moja moja, midomo ikihesabu. Kidole kilipogusa kitufe, alianza moja. Mguu wa mchezaji ulinyanyuka kwenye picha ya thelathini na moja.

"Kumbe husingizii," alisema. "Hii tivii inaumwa."

Wangekwenda wapi kama si kwa mjomba? Mjomba wao, kaka wa mama yao, alikuwa na duka la televisheni mtaa wa pili, ukuta mzima vioo vinavyowaka picha za samaki na maua. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukiingia kuuliza betri ya rimoti, unatoka umebeba spika. Siku hiyo aliwapokea kwa sauti ndogo, akaitikia salamu bila kunyoosha mkono.

"Tunataka tivii ya gemu, mjomba," kinyozi alisema. "Isiyochelewa."

"Ziko hapo. Chagueni wenyewe."

"Hutushauri?"

"Chagueni wenyewe," mjomba alirudia.

Kwenye kona, nyuma ya kaunta, alikaa mtoto wa mjomba, kijana wa rika la kinyozi. Huyo ndiye aliyewafundisha wote gemu, na zamani hakuna aliyeweza kumfunga. Familia iliambiwa amepata maradhi ya mishipa. Aliwatazama bila kutabasamu. Mkono wake wa kulia alikuwa ameukalia, umeingia chini ya paja hadi kifundo, na Dada Fundi alijiambia labda anahisi baridi.

Walifanya kazi yao. Kinyozi alikuwa amebeba mashine yake ya gemu kwenye begi, akaiunganisha na televisheni moja baada ya nyingine, akawasha ile hali ya gemu inayopunguza mapambo ya picha ili kioo kijibu upesi. Dada mtu alipiga video na kuhesabu. Ya kwanza, kubwa na ya kupendeza, picha kumi na tisa. Ya pili kumi na moja. Ya tatu sita, lakini giza lake lilikuwa la kijivu na kinyozi alikunja uso. Ya nne ilikuwa imewekwa peke yake karibu na mlango wa stoo, haina karatasi ya maelezo, haina alama ya kiwanda. Weusi wa kioo chake ulikuwa mweusi kweli.

Dada Fundi aliihesabu mara tatu. Kila mara alipata jibu lilelile. Mguu wa mchezaji ulinyanyuka picha nne kabla kidole hakijagusa kitufe.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la fundi saa. Katika kazi yake, saa inayochelewa ndiyo yenye ugonjwa, uchafu, au mhimili uliolika. Saa inayokimbia haimtishi mtu, unagusa kidogo inatulia. Aliinua macho akamkuta mjomba amesimama hatua mbili nyuma yake, anaangalia simu, midomo yake pia inahesabu.

"Hii inakimbia kidogo," alisema. "Afadhali inayokimbia."

Mjomba alikuwa anatoka jasho.

"Ipi, basi?" aliuliza. "Semeni kwa mdomo."

"Hii," walisema pamoja, kaka na dada, wakacheka kwa kugongana.

"Wote wawili?" mjomba aliuliza kwa sauti ya chini.

Nyuma ya kaunta kijana aliutoa mkono chini ya paja. Akaufungua, akaufunga. Akajikuna pua kwa kidole kimoja, polepole, kisha akaanza kulia.

Waliitundika kinyozini, ukutani mkabala na kiti, ili kinyozi acheze wateja wanapokuwa hawapo. Jumapili ile fundi viatu alifungwa saba bila. Alitazama pedi, akatazama kioo, akatazama mikono ya kinyozi, akaondoka bila kuaga. Dada Fundi alifurahi kuliko mshindi mwenyewe. Siku nzima alipita mbele ya kibanda cha viatu akionyesha vidole saba.

Jumanne alipiga video nyingine, kwa udadisi tu. Zilikuwa picha hamsini na mbili. Mchezaji alikuwa amekimbia, amepiga, mpira umeshatoka mguuni, ndipo kidole cha kinyozi kikateremka. Aliirudisha video nyuma, akaisogeza karibu na macho, akaacha kutazama kioo, akatazama kidole peke yake. Kidole hakikuwa kinaamrisha. Kilikuwa kinafuata.

"Unacheza wewe?" alimuuliza.

"Nani mwingine?" kinyozi alijibu. Kisha akautazama mkono wake wa kulia. "Siku hizi sifikirii, dada. Mkono unajua wenyewe."

Jumatano mchana, jua limejaa chumbani, televisheni ilikuwa imezimwa. Kioo cheusi kilionyesha chumba kizima: kiti, pazia, kinyozi anafagia nywele. Dada Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Kwenye kioo, kinyozi aliacha fagio, akainua mkono wa kulia, akajishika shingo.

Chumbani, kinyozi alikuwa bado anafagia.

Alihesabu bila kutaka. Moja. Mbili. Tatu. Kinyozi akaacha fagio. Akainua mkono. Akajishika shingo, na vidole vikabana.

"Acha mchezo," dada mtu alisema.

"Hautoki," kinyozi alinong'ona.

Waliuvuta wawili hadi ukaachia. Alama nne za vidole zilibaki pale hadi kesho yake. Walikubaliana, kwa sababu watu wakiogopa hukubaliana upuuzi, kwamba ni uchovu.

Alhamisi alikuja mwalimu mstaafu, mzee mpole anayenyolewa ndevu kwa wembe kila wiki. Alikaa, akaegemeza kichwa, akafumba macho. Pazia lilikuwa wazi. Dada Fundi alikuwa mezani kwake, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, na alipoinua kichwa kupumzisha shingo aliona ukutani, ndani ya weusi ule, wembe ukishuka. Ukapita shavuni. Haukusimama. Ukashuka hadi shingoni, ukaingia.

Alitazama kiti. Wembe ulikuwa bado shavuni.

Hakupiga kelele. Aliruka. Meza ilipinduka, saa za watu zikamwagika, akamfikia mdogo wake na kuukamata ule mkono kwa mikono yake miwili. Ulikuwa na nguvu. Kinyozi mwenyewe alikuwa anauvuta kwa mkono wa kushoto, uso umemwiva.

"Si mimi," alinong'ona. "Dada, si mimi."

Wembe ulianguka. Mwalimu alifumbua macho. Chini ya sikio lake palikuwa na tone moja la damu, akalipangusa, akauliza kulikoni. Aliondoka na ndevu za upande mmoja.

Dada Fundi alitembea hadi dukani kwa mjomba bila kitambaa kichwani, na kiatu kimoja hakijafungwa. Damu ilikuwa inamchemka. Watu waliomsalimia njiani hawakujibiwa. Mlangoni mwa duka alimkuta mtoto wa mjomba anapanga maboksi kwa mikono yote miwili, mzima wa afya, na kijana yule alipomwona aliweka boksi chini akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mjomba alikuwa kaunta. Alipomwona alikaa.

"Uliniona nikihesabu," Dada Fundi alisema. "Ulisimama nyuma yangu, ukahesabu na wewe, ukanyamaza."

"Mwanangu alikuwa hawezi kulala," mjomba alinong'ona. "Mkono wake mwenyewe ulikuwa unamkaba. Miezi mitano, anaukalia mchana kutwa. Ningefanyaje?"

"Ungesema!"

"Nikisema haiondoki. Huwezi kuitupa, inarudi. Huwezi kuitoa bure. Inaondoka ikichaguliwa. Mtu aione kati ya nyingine, aseme mwenyewe hii."

"Kwa hiyo ukatuchagua sisi. Watoto wa dada yako."

"Sikuchagua mimi. Mlichagua nyinyi."

Hapo alimrukia. Alimshika kola mjomba wake wa damu, aliyempakata siku aliyozaliwa, akamtikisa hadi miwani ikaanguka. Hakumpiga, lakini alitaka, na hadi leo anasema anajuta kutompiga. Mjomba hakujitetea.

"Iwekeni mlangoni," alisema akitafuta pumzi. "Atakuja mtu. Msimsifie, msimshawishi. Atasema mwenyewe. Lakini nakusihi, mwanangu, nakuomba kwa jina la mama yako. Usije ukaivunja."

"Nikivunja?"

Mjomba alitazama ukuta wa vioo vyake, samaki na maua. Alirudia tu: usije ukaivunja.

Alirudi mbio. Alimkuta mdogo wake kwenye kiti cha wateja, mkono wa kulia ameukalia, umeingia chini ya paja hadi kifundo. Akamweleza yote kwa maneno machache, na kabla hajamaliza, fundi viatu alisimama mlangoni.

Hakuinua vidole safari hii. Alikuwa anatazama ukutani.

"Ndiyo hiyo inayokupa ushindi," alimwambia kinyozi. "Usinidanganye. Nimezunguka maduka matatu tangu jana, nimeangalia tivii zote. Hakuna yenye weusi ule."

Fundi viatu aliingia hatua moja. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Dada," kinyozi alinong'ona. "Mwache aseme."

"Nyamaza."

"Ana mikono miwili. Hashiki wembe shingoni mwa watu. Mwache aseme, dada, nakuomba." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na paja lililokalia mkono lilikuwa linanyanyuliwa kutoka chini, kidogo kidogo.

"Mkiniuliza mimi ningechukua ipi," fundi viatu alisema, akinyoosha kidole, "mimi ningechukua..."

Dada Fundi alimziba mdomo kwa kiganja. Akamsukuma hivyohivyo, kinyumenyume, hadi nje, akamfungia mlango usoni. Jamaa alisimama barabarani akitukana, mzima, na bila kujua kilichompita. Fundi viatu yule ana mama mgonjwa na watoto wawili. Dada Fundi alimchukia kwa vidole vyake vitano, lakini hakumchukia kiasi hicho.

Akageuka. Alikuwa amechukia kila kitu: mjomba na jasho lake, mdogo wake na ombi lake, yeye mwenyewe na ile hesabu yake ya kijinga. Aliisimamisha simu kwenye kopo la mafuta, akabonyeza irekodi, kwa sababu alitaka mjomba aone kwa macho yake. Kisha akaenda mezani akatoa nyundo, si ile ndogo ya saa, ile ya kugongea misumari ya ukutani.

Alisimama mbele ya kioo. Ndani ya weusi, Dada Fundi mwingine alikuwa amesimama na nyundo.

Yule wa ndani alishusha mkono. Akaiweka nyundo sakafuni, taratibu. Akachukua kitambaa, akaifunika televisheni, akaibeba kwenda mlangoni. Akafungua mlango. Akaiweka nje, kwa mpita njia yeyote.

"Nani?" Dada Fundi alisema. "Mimi? Nani amekwambia nitaiweka chini?"

Akapiga.

Kioo kilipasuka kutoka katikati. Akapiga tena. Akapiga akitukana, akalia akipiga, hadi ukutani kukabaki vyuma na nyaya. Kinyozi aliutoa mkono chini ya paja. Akaufungua, akaufunga.

"Umerudi," alisema. Akacheka, akalia, akamkumbatia dada yake shingoni kwa mikono yote miwili, na vidole vilimgusa kwa upole.

Walifagia pamoja. Kinyozi alitoka kwenda kumwita mwalimu mstaafu aje amaliziwe ndevu, bure, na aliporudi naye alikuwa anaimba. Dada Fundi aliinua meza yake, akaokota saa za watu moja moja. Kisha akakaa, akachukua simu. Alikuwa ameshinda na alitaka mjomba ajue. Kabla ya kumtumia video alitaka kuitazama mwenyewe, kwa raha yake.

Simu ilikuwa imebaki kwenye mwendo wa polepole. Akaisogeza picha moja moja, kama kawaida yake.

Mgongo wake ulikuwepo, na nyundo, na kioo cheusi. Ndani ya kioo yule mwingine alikuwepo pia. Lakini kwenye video hakushusha mkono. Hakuweka nyundo chini, hakuchukua kitambaa, hakwenda mlangoni. Alisimama tu, nyundo ameiinua juu ya bega, anamtazama, anamsubiri.

Dada Fundi alisogeza picha.

Ufa ulitokea. Ulianza katikati ya kioo, ukatambaa hadi pembe nne. Nyundo yake ilikuwa bado chini, pembeni ya sketi.

Akahesabu. Kutoka ufa hadi nyundo, picha mia tatu na kumi na mbili.

Alikaa akiitazama namba ile. Televisheni ilikuwa imemwonyesha akiiweka nyundo chini. Yeye, ambaye mtaa mzima unajua ukimwambia asifanye atafanya. Na mjomba naye alimsihi mara mbili, asije akaivunja, mjomba aliyemlea na kumjua tangu siku za dawa. Hasira zilianza kumpanda tena, zikafika kifuani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijiuliza kama ni zake.

Aliamua kuifuta video. Alishusha macho atafute kitufe.

Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimeshabonyeza. Simu iliuliza kama ana uhakika, na kabla hajamaliza kusoma swali, kidole kilikuwa kimeshajibu ndiyo.

Nyuma ya pazia mdogo wake alikuwa anaimba, na wembe wake ulisikika ukikwangua ndevu taratibu, salama. Dada Fundi aliiweka simu mezani kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliuingiza chini ya paja hadi kifundo, akaukalia.